Shati la Tabaka la Saba

Bi Mkasi alikataa kuolewa na Fundi Saa kwa sababu moja tu: yeye ni mke wa mtu.

Mume mwenyewe alikuwa na miaka sita kaburini. Ngazi ilimteleza akirekebisha antena, na mtaa mzima ulimzika. Alikuwa mkoromaji wa kuhamisha sufuria rafuni, na wako wanaoapa kwamba hata jeneza lilikoroma njiani. Lakini mwezi uliopita binti yao, mwalimu wa fizikia, alikuwa mezani anaandaa somo, akafanya kosa la kufikiri kwa sauti.

"Neno la Kiswahili la somo hili ndilo linalonisumbua, mama. Wataalamu wengine wanasema ulimwengu si huu mmoja, uko mwingi usio na hesabu. Jambo lisilotokea hapa, kwingine limetokea."

"Na ngazi?"

"Ngazi gani?"

"Ya baba yako. Kuna mahali haikuteleza?"

Binti akajikuna kwa kalamu. "Kwa hesabu zao, ndiyo."

Basi, yakaisha. Mume yu hai huko, anakoroma, na mke wa mtu haposwi.

Fundi Saa, jirani wa mlango wa pili, aliyetengeneza saa za watu wote huku yake imesimama, alikuja kuposa mara ya tatu siku ya Jumatatu. Dada yake alishampatia chumba mji mwingine. Asipokubaliwa, Jumamosi anahama.

"Huyo mume anatuma hata salamu?"

"Usimseme vibaya mume wangu."

"Simsemi, bibie. Nauliza tu, huko aliko hana mke?"

"Anaye! Mimi."

"Wewe si uko hapa?"

Bi Mkasi alimfungia mlango, akalinunia lile swali siku nne.

Ijumaa alikuwa kiwandani, kwenye meza yake ya kukatia sare. Kitambaa hutandazwa tabaka arobaini, kisu cha umeme kikapita mara moja, yakatoka mashati arobaini. Kila kipande hubandikwa namba ya tabaka lake, maana rangi ya jora hili na lile hazifanani hata ukiapa zinafanana. Mshonaji mgeni, mama wa watoto watano aliyetokea kiwanda cha viatu, akaleta shati la tabaka la saba lenye mkono wa tabaka la nane.

"Si vyote vimekatwa na kisu kimoja, Bi Mkasi? Vipimo ni vilevile!"

Bi Mkasi akalipeleka dirishani. Kwenye mwanga, shati lilikuwa la buluu, na mkono nao wa buluu, ila kila kimoja na buluu yake.

"Makubwa!" mshonaji akasema. "Kwa hiyo huu mkono ni mbovu?"

"Mbovu wapi? Mzima kabisa. Una shati lake huko tabaka la nane, linausubiri, na wewe umelinyang'anya..."

Mshonaji akadhani amefukuzwa kazi. Bi Mkasi alikuwa amesimama na shati mkononi, anaangalia namba.

Nyumbani alimkuta binti bado anahangaika na neno lake.

"Andika matabaka ya ulimwengu," akamwambia bila kukaa. "Na uwaambie kila tabaka lina kibandiko chake."

Akatoka. Fundi Saa alikuwa anafunga maboksi, saa kumi na tisa zikigonga kila moja kwa wakati wake.

"Yule mume ana mke wake," Bi Mkasi akasema mlangoni. "Mwezi mzima nimemng'ang'ania mume wa mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Mimi."

Fundi Saa, aliyezoea vitu vyenye vipuri vingi, hakudadisi. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo fungua hayo maboksi. Una ngazi humu ndani?"

"Ninayo, ya mbao."

"Itoe nje, anayeitaka aichukue."

"Na antena je, ikigeuka?"

"Tutasikiliza redio," akasema Bi Mkasi, akaanza kuzitoa saa moja moja.