Neno Moja Kabla ya Jina

…fundi wa taa, huyo yupo, ameketi juu ya kreti la soda na kofia yake magotini, mkata tiketi, yupo, amevaa viatu vya visigino kana kwamba miaka themanini ni homa ya kupita, mshonaji wa mapazia, yupo, mshonaji, si fundi cherehani, mapazia ya jumba lile hayakuguswa na cherehani hata siku moja, halafu hawa wa leo, mratibu wa tamasha na simu zake mbili, fundi mitambo anayekiambia kipaza sauti moja mbili, moja mbili, kama mtoto aliyerudishwa darasa, na wa sita yeye mwenyewe, mtangazaji, basi, sita, na kiti cha saba hakina mtu, na mzee mtangazaji akaitazama tena karatasi yake, hapo nyuma ya jukwaa la mbao lililosimamishwa katikati ya barabara, orodha ya watumishi wote wa jumba la zamani la maonyesho, majina arobaini na moja, mwandiko wake mwenyewe, kila herufi kubwa mahali pake, na kila aliyefariki ametanguliziwa neno marehemu, isipokuwa jina la ishirini na tisa, la mpiga tarumbeta, ambalo mbele yake ameacha nafasi ya upana wa kidole, nafasi tupu, maana hakujua, mtu na mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja, na hajui kama yu hai au la… “Mzee, dakika kumi,” mratibu alisema akipita, “watu wanazidi, wamefika mpaka kwenye taa za njia panda,” na ni kweli wanazidi, anawaona kupitia upenyo wa turubai, wameketi juu ya lami, wake kwa waume, watoto mabegani, mchoraji yuko juu ya ngazi anapaka ukuta wa benki iliyohama, vijana wawili wanatembea kwa magongo marefu na suruali zao ndefu kama mabomba, na mtaa huu kwa miaka ishirini ulikuwa wa paka na makufuli, maduka yalikwenda pembezoni, ofisi zikayafuata maduka, jumba lenyewe limekuwa ghala la matairi, harufu ya mpira inafika mpaka hapa, na leo watu wamerudi, wamerudi kwa sababu ni bure, hiyo bure mkata tiketi ameitania tangu asubuhi, “Leo nimestaafu mara ya pili, sina hata cha kuchana,” na fundi wa taa akamjibu, “Afadhali wewe. Mimi nimeshindanishwa na jua,” wakacheka, wazee wawili, meno yao ukiyajumlisha hayatoshi kinywa kimoja, na mshonaji wa mapazia akasema jukwaa lisilo na pazia ni kama mtu anayevalia nguo barabarani, na mtangazaji hakucheka, aliitazama ile nafasi ya kidole, wino haujakauka vizuri kwenye la thelathini… jina la mtu ni nguo yake, mwalimu mkuu alikuwa akisema, enzi hizo za rula ya chuma, ukilikosea umemvua nguo mbele za watu, na kwa kila herufi kubwa iliyosahauliwa ulinyoosha vidole, naye alinyoosha mara mbili tu kwa miaka saba, mdogo wake alinyoosha kila siku, akirudi nyumbani anapuliza vidole vyake, fuu, fuu, anacheka, “Kaka, mimi hata nikiandikwa kichwa chini nitaitika,” na labda ndivyo alivyojifunza kupuliza, kwa vidole vinavyouma, kabla hajaliona tarumbeta… “Huyo mdogo wako atakuja?” mkata tiketi aliuliza. “Sijui.” “Ndugu yako, hujui?” “Nimesema sijui, bibi.” “Haya. Damu nzito kuliko maji, lakini ya kwenu nyie wawili imeganda,” na akajipangusa viatu kwa leso, bibi huyo naye anaamini, wote hawa wanaamini kuwa ulimi wa mtangazaji uliteleza, ulimi hauna mfupa, ndivyo alivyowaambia, na kwa miaka ishirini na sita ulimi huo umebeba mzigo usio wake, maskini, kipande cha nyama…

Ilikuwa desturi ya jumba, kila msimu ukifunguliwa mtangazaji anasimama mbele ya pazia na kusoma watumishi wote, walio hai na waliotangulia, kisha ndipo mchezo uanze, na msimu ule mdogo wake alikuwa wiki ya tatu hospitali, kifua, kile kifua chenye pumzi ya kujaza ukumbi kilikuwa kinakoroma kama mlango wa bati, na saa nane mchana daktari alimwambia kwenye ujia, akitazama saa yake, “Hatafika asubuhi,” basi, maneno mawili, naye alishuka ngazi, akavuka barabara, hakulia, akaingia kwenye kile chumba kidogo nyuma ya jukwaa, akafungua kalamu, na hapo… hapo… orodha iliyopitwa na wakati ni orodha ya uongo, alijiambia, msimu ni mwaka mzima, karatasi itabandikwa ukutani mwaka mzima, na mkono ukaandika, kwa utulivu, herufi nane, marehemu, mwandiko mzuri, pengine hakuwahi kuandika vizuri kuliko siku ile, alikausha wino kwa karatasi ya kukaushia, alikuwa anamhesabu kati ya wafu mtu anayepumua, na jioni saa kumi na mbili alisoma kama ilivyoandikwa, hakuteleza hata kidogo, sauti yake ilikuwa safi, na mama alikuwa safu ya pili, hakupiga yowe, mama, aliinuka tu kama aliyeitwa, akatazama huku na huku kumtafuta anayemwita, kisha akaenda chini, na tangu siku ile mguu wake wa kushoto ukawa wa kuburutwa, miaka minne, mpaka kaburini… na alfajiri homa ya mdogo wake ikavunjika, akaomba chai. “Moja mbili,” fundi mitambo alisema, “moja mbili, tatu,” afadhali, amepanda darasa… mitaani walilifanya mzaha, Marehemu amenunua vitunguu, Marehemu anadaiwa wimbo, na yeye kaka mtu alikwenda mlangoni kwake na hadithi yake ya ulimi, mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, anatafuna kitu taratibu, kisha akasema, “Kaka, mimi si marehemu? Basi marehemu hasalimiwi,” na akafunga mlango polepole, bila kuubamiza, afadhali angeubamiza, na siku ya mazishi ya mama walisimama huyu upande huu na yule upande ule, katikati shimo, wakamwaga udongo kwa zamu bila kutazamana… “Mzee, samahani,” mratibu alikuwa ameinama juu ya karatasi, kidole chake kwenye ishirini na tisa, “hapa umeacha nafasi. Tujaze nini?” “Alijibu barua ya mwaliko?” “Alijibu, mwezi uliopita. Alisema atakuja na tarumbeta lake, na tusimpe kiti karibu na mtangazaji,” akatabasamu, akidhani ni utani, na mzee akawaza, mwezi uliopita alikuwa hai na bado anatania, yule, basi hakuna cha kujaza, lakini mwezi ni siku thelathini, na kwa umri wao siku thelathini ni nyingi, akiacha kuliandika neno na mtu hayupo duniani atakuwa amekosea, akiliweka na mtu amesimama pale kwenye lami na ala yake kwapani atakuwa amemuua mara ya pili, mbele ya umati mkubwa zaidi… umati wa bure… na ghafla akaona kwamba siyo hilo analoliogopa, kukosea siyo, maisha yake yote amekuwa sahihi na usahihi ndio uliomlaza mama chini, anachoogopa ni sentensi moja tu, fupi, sikuteleza, niliandika, maneno mawili kama ya daktari, nayo yangeweza kusemwa mlangoni siku ile, yangeweza kusemwa kaburini, hayakuhitaji jukwaa wala kipaza sauti, lakini leo vipo, haya, leo atayasema, atafika ishirini na tisa atasimama, ataliita jina la mdogo wake peke yake, bila nguo nyingine juu yake, kisha atasema, ndugu zangu, ule ulimi mliousamehe haukuwa na kosa, ni mkono, mkono huu, na kama atakuwa amemwita hai mtu asiye hai basi safari hii akosee upande wa uhai, anyooshe vidole… akachukua kalamu ya mratibu, akapiga mstari mfupi juu ya ile nafasi, kuiziba, mstari ukapinda, akauacha hivyo hivyo. “Jina tupu,” alisema. “Litasomwa jina tupu.” “Sawa, mzee. Dakika tano.” “Umekunywa maji?” mkata tiketi aliuliza, “Umekuwa mweupe kama pazia la sinema,” na fundi wa taa akasema mwacheni, ni wasiwasi wa jukwaa huo, hauzeeki, na nje watu wakapiga makofi kwa ajili ya mmoja wa wale wa magongo, na turubai likafunuliwa akaingia mwanamke wa makamo, mrefu, paji la uso la mama yao lile lile, akasita kuwatazama wote kisha akamjia moja kwa moja, binti wa mdogo wake, alimwona mara ya mwisho akiwa na sare ya shule. “Shikamoo, baba mkubwa.” “Marahaba, mwanangu, marahaba, karibu, baba yako umemwacha wapi, yuko huko mbele?” “Baba alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi. Tulimzika jana.”