Waume Watatu wa Chaneli Sita

Walipotaka historia ya Chaneli Sita iandikwe, walinijia mimi kwa sababu wenzangu wote wamekufa au wamehamia Arizona. Meneja wa sasa, Brock Ostrander, kijana mwenye meno mengi kuliko maneno, aliniletea nyumbani boksi la viatu lililojaa picha.

"Bi Ardith, andika kila kitu," akasema. "Miaka sitini si mchezo."

"Kila kitu?"

"Kila kitu kizuri."

Basi nikaandika. Tulianza mwaka 1956 na Meridian. Meridian ni mtandao, yaani ile kampuni kubwa ya New York inayokuletea tamthilia na mpira, halafu wewe kituo cha mji mdogo wa Nebraska unaongeza hali ya hewa, bei ya mahindi na matangazo ya vifo. Mwaka 1963, kwa kuwa Harmon Forks nzima ilikuwa na kituo kimoja tu, tukamwongeza na Union. Tukawa na waume wawili nyumba moja: saa hii kwa huyu, saa ijayo kwa yule, na Jumapili wanagombana kuhusu mpira. Mwaka 1977 Union akachoka, akasema ama mimi ama yeye. Tukamchagua Union. Mwaka 1995 Pinnacle akanunua haki za mpira, tukamkimbilia Pinnacle. Mwaka 2009 Pinnacle akatuchosha, tukarudi kwa Meridian, mume wa kwanza, kana kwamba tulikuwa tumetoka kidogo kununua maziwa. Mama yangu alikuwa Mcheki wa misa ya kila asubuhi. Kama kituo kingekuwa binti yake, asingekiruhusu kukanyaga kanisani.

Hayo yote niliyamaliza kwa siku mbili. Nilikwama kwenye ukurasa wa 1977, kwa sababu ukurasa ule una Maxine Hruska ndani yake.

Maxine na mimi tuliingia Chaneli Sita wiki moja, mwaka 1961, sote tukitafuta kazi ya kutangaza. Meneja wa wakati huo, Bwana Merle Lindgren, alitusimamisha mbele ya kipaza sauti mmoja mmoja, akatusomesha tangazo la mbolea. Nililisoma vizuri. Naapa nililisoma vizuri. Akakuna kidevu, akasema, "Maxine ana sauti. Ardith ana mwandiko mzuri." Kwa maneno hayo saba mwenzangu akapewa kamera, mimi nikapewa chumba cha mitambo, nyuma ya kioo.

Miaka kumi na sita nilimtazama kupitia kioo kile. Alikuwa na kipindi cha mapishi mchana, na jioni alisoma hali ya hewa. Watu walimwandikia barua. Alifundisha Nebraska nzima kuoka kolache, vile vimkate vya jemu vya kwetu, na kolache zake zilikuwa ngumu katikati; uliza parokia yoyote kama si zangu zilizokuwa zinaisha kwanza. Dukani wanawake walinishika mkono: "Kumbe wewe ndiye unayefanya kazi na Maxine! Yukoje?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mimi nikoje. Nilikuwa na wivu naye. Sitafuti neno la kuupamba. Nilikuwa naamka nao, nakunywa nao kahawa, naenda nao kazini.

Ubaya ni kwamba alinihitaji, na mimi nilimtumikia. Kila saa ikigonga, sheria ilitaka kituo kitaje jina lake na mji wake, na mitandao ilitaka itajwe vilevile. Kwa kuwa tulikuwa na waume wawili wanaobadilishana hata mara tatu jioni moja, hakuna kichwa kilichoweza kukumbuka ni zamu ya nani. Kwa hiyo mimi niliandika kadi, nikaziweka mezani pake kwa mpangilio. Kanuni ya Merle ilikuwa moja: usiamini kichwa chako, soma kadi. Dakika ikifika, ninamwonyesha vidole kupitia kioo, vitatu, viwili, kimoja, halafu namnyooshea kidole: sema sasa. Na sikukishusha mpaka amalize sentensi ya kwanza, kwa sababu mwanzoni alikuwa na woga, na aliniambia kidole kile kinamshikilia.

Sasa, wiki ile nikiwa nimekwama, akanijia Janelle, binti yake Maxine. Nilimkaribisha bakuli la maharage na nyama lenye pilipili, na mkate wa mdalasini pembeni, kama tulivyokuwa tunakula shuleni. Hakugusa mkate.

"Anti Ardith, kuna kitu nataka kukuomba, na usinicheke."

"Nitajaribu."

"Tangu mama apate kiharusi hajasema neno. Miaka miwili. Wanangu wananiuliza bibi alikuwa anaongeaje, na mimi..." Akashika kijiko bila kula. "Mimi nimeanza kusahau. Kuna kanda yoyote imebaki? Hata dakika moja?"

"Mwanangu, zile kanda tulikuwa tunazifuta. Zilikuwa ghali. Kila Ijumaa tunafuta, Jumatatu tunarekodi tena juu yake."

"Nani alikuwa anafuta?"

"Kituo," nikasema.

Kituo kilikuwa mimi. Orodha na sumaku ya kufutia vilikuwa mikononi mwangu, na za Maxine ndizo nilizoanza nazo kila Ijumaa, hata pale zilipokuwepo za mnada wa ng'ombe ambazo hakuna binadamu angezililia.

Ila moja. Ilikuwa chini, kwenye ghala langu, ndani ya debe la mafuta ya nguruwe, tangu Septemba 1977.

Siku ile ilikuwa siku yetu ya kwanza na Union peke yake. Wakubwa watatu wa Union walikuja kwa ndege kutoka New York, wakakaa studio na suti zao. Mji mzima ulijua wamekuja kwa sababu gani: wakimpenda Maxine, watampa habari za saa kumi na mbili jioni, mwanamke wa kwanza upande wetu wa jimbo. Merle aliniagiza nizitupe kadi zote za Meridian. Nilizitupa. Moja nikaibakiza mfukoni. Robo saa kabla ya matangazo niliingia studio, nikaondoa kadi ya juu mezani pa Maxine, nikaweka ile.

Nikarudi nyuma ya kioo. Vitatu, viwili, kimoja. Nikamnyooshea kidole. Na Maxine, mbele ya suti tatu, kwa ile sauti yake ya siagi, akaisomea Nebraska: "Hii ni Chaneli Sita, Harmon Forks, nyumba yako ya Meridian."

Nilirusha matangazo ya New York, nikavua hedifoni, nikatoka nje mpaka kwenye maegesho ya magari. Nilicheka mpaka nikaegemea gari la Merle. Suti zile ziliondoka bila kunywa kahawa. Habari za jioni akapewa mwanaume kutoka Omaha, mwenye nywele zisizotikisika, na Maxine akarudi kwenye kolache zake mpaka alipostaafu. Mimi nikaichukua kanda ile kabla Ijumaa haijafika, nikaenda nayo nyumbani. Sikuweza kuitazama; mashine yake ilikuwa kubwa kama friji, na kituo kiliiuza zamani. Lakini nilijua ipo. Miaka ilipokuwa migumu nilishuka ghalani, nikaligonga debe kwa kidole.

Mnauliza kwa nini nilimpa Janelle kanda ile. Laiti ningesema huruma. Nilimtazama akimlilia mama yake pale mezani kwangu, mimi niliye na nyumba isiyo na mtu wa kuisahau sauti yangu, na nikawaza: haya, mnataka kumsikia, basi msikieni akikosea.

"Subiri," nikamwambia. "Nadhani kuna moja."

Alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda.

Brock aliipeleka kanda kwa mafundi wa Minneapolis, ikarudi kwenye kompyuta yake baada ya wiki tatu. Tukakutana kwenye nyumba ya wazee anakokaa Maxine, katika sebule ya wageni, sisi wanne tu. Maxine alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kushoto umelala mapajani. Bado alikuwa na nywele nzuri. Hata hilo lilinikera.

"Mama, tazama," Janelle akasema. "Ni wewe."

Picha ikatetemeka, ikatulia. Maxine wa miaka thelathini na saba, kola kubwa, akiangalia pembeni ya kamera. Alikuwa ananiangalia mimi. Kisha ile sauti: "Hii ni Chaneli Sita, Harmon Forks, nyumba yako ya Meridian."

Janelle akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikamsubiri Brock ashtuke. Brock akaruka kwenye kiti.

"Bi Maxine! Mbona hii ni dhahabu tupu! Sisi ni Meridian! Hii naiweka hewani kila saa, mwaka mzima wa sherehe!"

"Alikosea," nikasema. "Mwaka ule tulikuwa Union."

"Hakukosea, Bi Ardith, aliwahi tu! Miaka thelathini na miwili mapema!"

Akacheka na meno yake yote. Kosa lake la pekee, nililolitunza kama pete ya harusi, nalo limegeuka kuwa sifa. Nikanyoosha mkono kuifunga kompyuta.

"Niachie," Janelle akasema. "Bado inaendelea."

Sikujua kwamba inaendelea. Mimi nilikuwa maegeshoni nacheka, na mashine ya kurekodi hakuna aliyeizima. Maxine alikuwa bado ameketi, hayupo hewani tena, ameishika kadi. Anaisoma. Anaigeuza. Anaisoma tena, halafu anainua macho kwenye kioo, mahali nilipokuwa, na mimi sipo.

Merle akaingia kwenye picha, uso mwekundu kama nyanya.

"Maxine! Ni nini hiki? Wale jamaa wanaondoka!"

"Samahani, Merle."

"Kadi hii imetoka wapi? Nilisema zitupwe zote! Huu ni mwandiko wa Ardith."

Janelle alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta, hanitazami.

"Ni wake, ndiyo, kadi ya zamani," Maxine akasema. "Ilikuwa kwenye droo yangu. Nimechukua mwenyewe, nikachanganya."

"Kuweka kadi ni kazi yake Ardith."

"Leo nilimwambia aniachie. Mitambo mipya ilikuwa inamsumbua."

"Nikigundua ni yeye, leo hii anakwenda nyumbani."

"Si yeye. Na umwache, Merle. Ana mama kitandani na mshahara mmoja." Akaikunja kadi mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake. "Nimekosea mimi. Watu hukosea. Haya, nenda kawawahi kabla hawajapanda gari."

Merle akaondoka. Maxine akabaki peke yake mbele ya kamera. Hakulia. Alinyoosha kola yake, akapanga zile kadi zilizobaki, moja juu ya nyingine, kwa upole, mpaka kanda ikaisha.

Alikuwa anajua. Miaka yote baada ya siku ile aliendelea kuniletea kahawa asubuhi, sukari mbili, na kuniuliza hali ya mama. Nilidhani ni mjinga. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyesimama kanisani akasoma somo, kwa sauti ile, na mimi nikakaa kwenye benchi la mbele nikiihusudu. Nimemwonea wivu kwa sauti, kwa kamera, kwa barua, kwa binti, na pale sebuleni, nikiwa na miaka sabini na sita, nilimwonea wivu hata kwa wema wake. Katika hilo pia alinizidi.

"Maskini mama," Janelle akasema, akifuta macho. "Kadi tu ya kwenye droo. Kwa kosa dogo vile! Anti Ardith, asante. Wengine wote walifuta, wewe ukamtunza. Kwenye kile kitabu andika hivyo, tafadhali. Kwamba alichanganya kadi, na kwamba wewe ndiye uliyemhifadhi."

Ningeweza kukaa kimya. Merle yuko makaburini, kadi haipo tena, na Maxine hasemi. Ukurasa wa 1977 ungebaki vile nilivyouanza: mtangazaji alikosea.

Nikamtazama Maxine. Naye hakuwa anaangalia kompyuta. Alikuwa ananiangalia mimi, kama alivyokuwa anatazama kioo, na mkono wake wa kulia, ule mzima, ukainuka polepole kutoka kwenye kiti. Vidole vitatu. Viwili. Kimoja. Kisha akaninyooshea kidole.

Janelle alidhani anataka maji, akaanza kuinuka.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Mama yako hakuchanganya kadi. Ile kadi niliiweka mimi, na niliiweka makusudi."

Sauti yangu ilitoka nyembamba, imejaa mikwaruzo. Hata mbolea isingeuzika kwayo. Niliendelea hivyohivyo, kadi, sumaku, debe la mafuta, mpaka mwisho, na mkono wa Maxine ulikuwa unatetemeka hewani kwa uzito, lakini hakukishusha kidole mpaka nilipomaliza.