Sauti ya Bi Kazija

Ummukulthum alijua kuna jambo pale alipokuta kikapu cha mama yake kinaning'inia kichochoroni, usawa wa kiuno cha mtu, noti imo ndani haijaguswa, na watoto watano wamekaa kwenye baraza ya nyumba ya pili wanakitazama kana kwamba kina nyoka. Saa nne za asubuhi, Jumamosi, hakuna skuli. Mtaa mzima wa Kiponda uliijua kazi ya kikapu kile. Magoti ya mama yake, Bi Kazija, hayashuki tena ngazi, basi hufungua dirisha, huteremsha kikapu kwa kamba, huita jina la mtoto yeyote aliye chini, na mtoto hukimbia dukani kununua mkate wa boflo au bizari, akarudi, akapewa chake cha ubuyu. Imekuwa hivyo miaka minane, tangu afiwe na mume. Watoto walikuwa wakikigombania kikapu kile mpaka wakapigana.

"Zuleikha," alimwita mmoja wao, wa miaka tisa, aliyekuwa bingwa wa kikapu. "Bibi kaita?"

"Kaita."

"Sasa mbona hamwendi?"

Zuleikha aliviangalia vidole vya miguu yake. "Siendi miye. Yeye ndiye yule bibi wa kwenye gemu."

"Bibi gani?"

"Wa *Darini*. Ukipiga hodi anakwambia 'nani', halafu anakushukia." Wenzake wakacheka kile kicheko cha mtu mwenye woga. "Sauti ndiyo hiyo hiyo. Kaka yake huyu Muzdalifa katuonesha kwenye simu."

Damu ilimpanda Ummukulthum mpaka masikioni. *Darini* lilikuwa gemu lao. Walikuwa watu watatu katika chumba kimoja cha Mlandege, juu ya duka la makava ya simu: Abdulwahid mwenye wazo na mwenye kauli ya mwisho, Ahmada wa kuandika programu, na yeye, mtu wa sauti. Kila kinachosikika ndani ya gemu, mlango unaolia, maji ya birika, nyayo za mtu kwenye sakafu ya boriti, kilitoka kwenye kinasa sauti chake. Kipande cha majaribio kilitolewa bure wiki mbili nyuma, wakati yeye yuko Kendwa akirekodi tangazo la hoteli. Hakukicheza. Aliona hana haja ya kucheza kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Aliichukua ile noti, akanunua boflo, akapanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ala, umeleta weye?" Bi Kazija alikuwa amekaa kwenye kiti karibu ya dirisha, kamba bado iko mkononi. "Hebu niambie, mwanangu, hawa watoto nimewakosea nini? Siku ya nne leo. Nikiita wanakimbia. Wanakuja mlangoni wanapiga hodi, nikiitikia wanapiga kelele wanatawanyika. Jana nimekunywa chai tupu. Nikasema labda nimemtukana mtoto wa mtu bila ya kujijua."

"Hujamtukana mtu, mama."

"Basi nimewafanya nini?"

"Ntauliza," alisema Ummukulthum, akashuka mbio asije akaulizwa zaidi.

Alikaa ngazi ya chini, akavaa spika za masikio, akalifungua gemu kwenye simu. Mchezaji anaingia katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe. Mwanga ni hafifu, kuta zimetiwa rangi ya ukijani, mtu akizitazama anahisi unyevu. Juu, mtu anakuna nazi. Ukitembea, mbuzi ya nazi inakuna. Ukisimama, na yeye anasimama. Hilo alilibuni Ummukulthum mwenyewe, na hata pale, na hasira zake zote, aliliona ni zuri. Kisha mchezaji anapiga hodi. Kimya. Halafu kutoka juu inakuja sauti ya mwanamke, nzito, ya taratibu, imevutwa mpaka ikawa haina umri: *Naaani.*

Alivua spika. Ile sauti aliirekodi mwezi wa Rajabu, humu humu ndani ya nyumba, baada ya kumbembeleza mama yake wiki nzima. Bi Kazija hakuwa mwanamke wa kusikika ovyo. Hata kwenye hitima sauti yake haivuki pazia. Aliuliza kama watamsikia wanaume asiowajua, akaambiwa ndiyo, wengi. Aliuliza kwa nini. Ummukulthum akamwambia kuwa gemu zote zinazoonesha miji kama yao zinaionesha mitupu, milango na kuta tu, na yeye anataka mtu akiingia asikie kuwa nyumba ina wenyewe. Bi Kazija alifikiri, akasema haya, madhali si kwa upuuzi.

Alifika Mlandege hajui kapita njia gani. Abdulwahid alikuwa anakula chipsi juu ya kibodi.

"Karibu, msafiri. Umeona watu walivyolipenda?"

"Itoe sauti ya mama yangu."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Itoe sasa hivi, nnaangalia."

Abdulwahid alifuta vidole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimzidishia Ummukulthum hasira, kwa sababu mtu mbaya ungemtukana ukamaliza. "Ummu, nyumba uliyotupa mwanzo ilikuwa nzuri. Lakini mchezaji akiingia anahisi kaalikwa chakula cha mchana. Gemu la kutisha hili. Dakika tatu za mwanzo zisipomshika mtu, anafuta. Nimepunguza taa, nimebadilisha rangi ya kuta, bado. Nimetia ukungu, bado. Nilipoiweka sauti ile, Ahmada mwenyewe alivua spika akenda kunywa maji. Si kweli, Ahmada?"

"Naam," alisema Ahmada bila ya kugeuka.

"Na kwa nini nyumba zetu zitishe?" Ummukulthum alisikia sauti yake inapanda na hakuizuia. "Niambie. Kila anayetaka kutisha watu anakuja kutupigia picha milango. Mwanamke mzee akikaa peke yake ghorofani lazima awe jini? Mama yangu ana siku nne hapati mtu wa kumnunulia mkate. Siku nne, Abdulwahid. Anauliza kamkosea nani. Watoto aliowalisha ubuyu tangu hawajui kutembea wanamkimbia, kwa sababu weye ulitaka dakika zako tatu."

"Hilo silijui. Wallahi silijui, na pole. Lakini sauti ile sikuitengeneza mimi."

"Nani kaitengeneza?"

Abdulwahid aligeuza kioo cha kompyuta. Lilikuwamo faili limeandikwa *jaribio_mama*, na pembeni yake jina la Ummukulthum mwenyewe, na tarehe ya mwezi wa Ramadhani.

Alikumbuka. Ilikuwa alasiri, njaa imewashika, kazi haiendi, na katika kuupisha wakati mpaka magharibi aliichukua "nani" ya mama yake akaivuta, akaishusha, akaitia mwangwi wa birika la maji. Alimwita Ahmada aje asikie. Ahmada vinyweleo vilimsimama mikononi, akamuonesha, na yeye akacheka na kuona fahari, kwa sababu hakuna mtu wa sauti asiyependa kumuona mwenziwe anasisimka. Alilihifadhi. Hakuna aliyemlazimisha kulihifadhi. Alilitia katika folda ya pamoja, pale pale linapochukuliwa kila kitu cha gemu, akenda zake kufuturu.

"Uliliacha humo," alisema Abdulwahid. "Nikadhani umeridhia."

"Ungeuliza."

"Ulikuwa Kendwa."

"Kendwa hakuna simu?"

Safari hii Abdulwahid alikuwa na haya ya kweli usoni. Ummukulthum alitamani amtukane lakini kila tusi alilolishika alilikuta lina nafasi ya watu wawili.

"Weka yangu," alisema mwisho.

"Nini yako?"

"Sauti yangu. Nnasema 'nani' mimi, naivuta vile vile. Mtu anataka kutishwa, atishwe na mimi."

Aliingia katika kijichumba walichokizungushia mablanketi, akasema "nani" mara kumi na tano. Alitoka, akaivuta, akaishusha, akaitia mwangwi ule ule. Walisikiliza wote watatu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekasirika, basi.

"Haitishi," alisema Ahmada, na kwa mara ya kwanza aligeuza kiti. "Usinune, Ummu. Hii ukiisikia unasema, huyu ana ugomvi wake, nimpishe. Ile ya mama… ile chini yake kuna mtu anayekukaribisha. Unaujua upole ule, umelelewa nao. Halafu umeharibiwa. Hicho ndicho kinachotisha."

Ummukulthum alijua ni kweli kabla hajamaliza kusema. Hicho ndicho alichokiona yeye Ramadhani alipocheka. Hakuharibu sauti yoyote tu. Alichagua iliyokuwa na kitu cha kuharibika. Alitaka kukipiga teke kiti cha Abdulwahid, akakipiga teke cha kwake.

"Faili linatoka," alisema. "Hapa, na kila penye nakala yake. Likibaki moja, nachukua sauti zangu zote, mpaka ya mlango na ya mbuzi, na Jumatatu mwende kwenye lile onesho la chuoni Tunguu mkawaoneshe wanachuo nyumba iliyo bubu."

"Tutabaki na nini pale kwenye hodi?"

"Hamna kitu. Mtu apige hodi asijibiwe. Acha nazi ikunwe."

Abdulwahid alitafakari muda mrefu, na ilionekana wazi kuwa anatafakari kama itatisha. Kisha akamsogezea kibodi. Ummukulthum alifuta kwa mkono wake, nakala moja baada ya nyingine, mpaka ile iliyokuwa kwenye diski ya akiba.

"Wiki ijayo ntatoa toleo jipya," alisema Abdulwahid. "Lakini waliokwisha kulishusha kwenye simu zao, wale siwawezi. Hiyo lazima nikwambie."

"Nnajua," alisema, akashuka.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anapanga maneno. Mama, kuna kijana anaitwa Abdulwahid. Mama, waliichukua mimi sipo. Kila neno lilikuwa kweli, na kufika Kiponda alikuwa ameshayapanga vizuri kabisa, akayachukia.

Alimkuta Bi Kazija ameshakivuta kikapu juu na kuikunja kamba. Alimueleza kuwa watoto wameisikia sauti yake kwenye gemu na wanaiogopa, na kwamba faili limefutwa.

"Wanaiogopa kwa nini? Mimi nilisema 'nani' tu."

"Imebadilishwa."

"Nisikilizishe."

"Haina haja, mama."

"Ni yangu. Nisikilizishe."

Alimvisha spika juu ya mtandio, akalicheza gemu mpaka kwenye hodi. Uso wa Bi Kazija haukubadilika. Alisikiliza, akaashiria irudiwe, akasikiliza tena. Kisha akazivua mwenyewe na kuziweka mapajani.

"Nani kaifanya hivi?"

Maneno yote ya njiani yalikuwa tayari. "Mimi," alisema Ummukulthum. "Abdulwahid ndiye aliyeitia kwenye gemu, lakini aliyeiharibu ni mimi. Nilikuwa nacheza. Sikudhani."

Bi Kazija hakupandisha sauti. Ummukulthum angepata nafuu lau angeipandisha.

"Ile siku umekuja na mashine yako," alisema mama yake, "nilikuwa nakuna nazi. Ulinambia nijifanye sijui kuna mtu, nikae na kazi yangu mpaka nisikie mlango. Nikakaa. Pakapigwa hodi. Aliyepiga nani?"

Ummukulthum aliutazama mlango.

"Nakuuliza."

"Mimi."

"Basi nilikuwa nakuitikia weye. Nilijua ni weye, sauti yako naijua tangu hujawa na meno. Nikasema 'nani' hivyo hivyo, kwa kukufurahia." Alimrudishia spika bila ya kumgusa mkono. "Ndiyo hiyo uliyowatilia watoto wa watu khofu."

"Nisamehe, mama."

"Ntakusamehe. Si leo." Aliinuka kwa kuegemea ukuta, magoti yakalia, akatoa noti kwenye ncha ya mtandio. "Nataka tui la usiku. Kaninunulie nazi mbili, na bizari, na njia yako mpitie Zuleikha kwao umueleze mbele ya mama yake kuwa ni weye uliyefanya, si mimi."

"Naam."

"Na ukirudi," alisema Bi Kazija akifunga dirisha, "usinipigie hodi. Panda tu. Sitaki kuitikia."