Bibi Harusi Hali

"Kula basi, mwanangu. Kidogo tu."

Mama Maziwa alisogeza majani mabichi hadi puani mwa ng'ombe wake. Ng'ombe aliyanusa, akageukia ukuta. Alikuwa amezaa juzi, na tangu hapo hakutia kitu kinywani ila maji.

Katika zizi la pili, ng'ombe wake mwingine, Ufagio, aliyeitwa hivyo kwa kukonda kwake, naye alikuwa na ndama mchanga, lakini alikuwa anakula mpaka analamba mbao za hori.

Ndilo lililomuuma Mama Maziwa. Mwaka uliopita ng'ombe wake wa tatu alizaa akiwa mifupa mitupu, akafa. Safari hii akaapa halitatokea tena. Miezi yote ambayo huyu hakuwa anakamuliwa, alimpa pumba asubuhi na jioni, Ufagio akaambulia mabua. Wapita njia walisifu ule mgongo mpana, wakamwita Bibi Harusi, na Mama Maziwa akavimba kichwa.

Daktari wa mifugo, aliyeitwa asubuhi hiyo, alibonyeza shina la mkia wa Bibi Harusi. Kidole kikazama.

"Mama, huyu amenenepa kupita kiasi. Mafuta yamelibana tumbo, chakula hakina nafasi. Tena sasa mwili unayayeyusha mafuta hayo kwa pupa, na hamu ya kula inakufa. Huyo mwembamba mwili wake unadai, ndiyo maana anakula hivyo." Alifunga mkoba wake. "Dawa nimempa. Ila asipoanza kula mwenyewe leo, sitakudanganya, tutampoteza."

Alipoondoka, Mama Maziwa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia mbele ya wifi yake.

"Nimemuua kwa mkono wangu, wifi."

"Hajafa bado. Unamlilia huku anakusikia?" Wifi yake alikwenda kumfungua Ufagio, akamvuta hadi kwenye hori la mgonjwa.

"Unafanya nini?"

"Mke mwenza akiingia jikoni, hata mgonjwa huamka."

Mama Maziwa alicheka na machozi yake. Ufagio hakusubiri kukaribishwa, alizamisha kichwa kwenye majani. Bibi Harusi alimtazama. Kisha akamsukuma kwa shingo, akavuta tonge moja la majani, akatafuna polepole, akaacha.

Mkono wa Mama Maziwa ulikwenda wenyewe kwenye debe la pumba. Akaurudisha. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa kushoto wa Bibi Harusi, penye tumbo, akasikiliza kama limeanza kusaga. Kimya. Ufagio alikuwa anatafuna kwa fujo.

"Mnyamazishe huyo," alinong'ona.

Ndani kabisa, kitu kilinguruma kidogo. Hakuondoa sikio. Alikuwa anangojea mngurumo wa pili.