Masihara ya Jumaa

Tangu vita vilete meli nyingi bandarini Kilindini, Jumaa alikuwa akirudi Kisauni kutoka kazini huko jua limeshakuchwa, na shati lake likinukia udi ambao mkewe Salme hakuufukiza. Salme alipomuuliza, Jumaa alicheka. "Nimeoa mke wa pili, Changamwe. Kwani hukualikwa?" Kisha akamgusa bega. "Masihara tu, mwanamke."

Neno hilo ndilo lililokuwa ngao yake. Akimkejeli shemeji, masihara. Akivunja ahadi, masihara. Na anayenuna ndiye huonekana mbaya, hajui kucheka na wenzake! Lakini moyo wa Salme ulikataa kutulia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Ijumaa moja baada ya sala, wanaume waliketi barazani kwao, akiwamo Mwalimu Khamis, aliyemsomesha Jumaa chuo cha Kurani tangu utotoni. Salme akapitisha sinia ya kahawa mlangoni, akabaki nyuma ya pazia. Jumaa akaonja, akakunja uso.

"Kahawa gani hii? Salme, nimekuacha!"

Wakaangua kicheko wote, ila mwalimu.

"Jumaa, hiyo ni talaka," akasema. "Mambo matatu hayana masihara: kuoa, kuacha na kurejea. Ulilolisema limepita, talaka imeshika."

Kicheko kikakatika. Salme akachungulia, akitaraji kumwona mumewe ameshtuka, aape wallahi hakukusudia. Jumaa alikuwa akitazama kikombe chake. Hapo ndipo Salme alipokumbuka. Somo hilo Jumaa alilisoma kwa mwalimu huyu huyu, hajaota hata ndevu. Alilijua.

"Ni talaka moja, ina rejea, mke hurudishwa bila ndoa mpya," mwalimu akaendelea kwa upole. "Sema umemrejea, yaishe. Hata ukilisema kwa kucheka, lapita."

"Sema basi, Jumaa," Salme akasema nyuma ya pazia. Sauti yake ilisikika mbele ya wanaume wa watu, na hakujali. Alimpenda, huo ndio ukweli, alimpenda pamoja na upuuzi wake wote. "Liseme kwa kucheka. Mimi niko radhi."

Watu wakangoja. Jumaa, ambaye hakuwahi kupungukiwa na neno, akaweka kikombe chini, akatengeneza kofia yake.

"Nipeni siku mbili tatu nifikiri," akasema, na safari hii hakucheka.