Kisanduku cha Wasiwasi

Siku Kokulinda alipomletea Daktari Mihayo fomu ya Uingereza, daktari aliipokea kwa tabasamu pana na kusema, "Hongera sana, binti yangu." Mlango ulipofungwa tu, akajisikia kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki sato kooni. Alikuwa na wivu. Hakuna haja ya kulipamba neno hilo.

Mihayo alikuwa mkuu wa wodi katika hospitali moja ya Mwanza, mtu wa miaka hamsini kasoro kidogo, anayeamkiwa kuanzia getini. Kokulinda, binti wa Kihaya kutoka Muleba, alikuwa daktari mdogo chini yake, miaka mitano tu kazini. Sasa alikuwa amefaulu mitihani yote ya baraza la madaktari la kule, mara ya kwanza tu, kwa shahada yake ya hapa hapa Mwanza, ambayo Waingereza wanaihesabu ya kigeni. Hospitali moja ya huko ilikuwa tayari kumfanyia usaili. Kilichobaki ni neno la msimamizi wake kwenye fomu ile, na bila neno hilo hapakuwa na usaili wala safari.

Mihayo naye aliwahi kuifukuzia safari hiyo. Miaka kumi na miwili nyuma alipanda ndege mara mbili kwenda kufanya mtihani wa vitendo, ule ambao watu wazima na afya zao huigiza ugonjwa, na mara zote mbili aliangushwa. Mzungu mmoja mwenye kifua kizima kabisa alimuuliza kwa nini ameze dawa ile na si nyingine. Mihayo akamjibu kama anavyowajibu wagonjwa wake wa mtaa wa Mabatini: kwamba daktari ni yeye. Aliporudi akawatangazia watu kuwa ameamua kuwatumikia Watanzania wenzake. Kisebusebu na kiroho papo! Ukweli aliujua mkewe Ng'washi peke yake.

Fomu ilikaa kwenye droo siku tisa. Kila asubuhi Kokulinda aliamkia, akaangalia droo kwa jicho la pembeni, akaenda zake wodini. Adabu hiyo ilizidi kumuudhi Mihayo. Angalau angelalamika, apate sababu.

Siku ya kumi akaitoa. Mwishoni palikuwa na kisanduku kinachouliza: je, una wasiwasi wowote kuhusu daktari huyu? Kwa wengine wote aliowahi kuwajazia, kisanduku hicho alikiacha kitupu, na mahali pa sifa akaandika maneno yale yale: mtiifu, mnyenyekevu, hana makuu. Ndivyo mtu anavyosifiwa kwetu. Hata Bagenda, daktari aliyeomba kabla ya Kokulinda, alimwandikia hivyo, ingawa Bagenda hajaitwa kwenye usaili mpaka leo, na hakuna aliyejua sababu.

Kwa Kokulinda akakijaza kisanduku mpaka pembeni. Hakudanganya hata neno moja, maana wivu wa msomi hutumia ukweli. Akaandika kwamba Machi mwaka ule, wakipita wodini, yeye Mihayo aliagiza mama mmoja wa Buswelu achomwe sindano ambayo mtu mwenye figo mbovu hapaswi kupewa. Majibu ya maabara alikuwa hajayasoma. Kokulinda akasema, mbele ya wauguzi na wagonjwa, "Sitaandika dawa hiyo, Dokta." Alikumbatia faili kifuani, akagoma kulitoa hata alipofokewa, mpaka majibu yakasomwa kwa sauti. Yule mama alitoka hospitali kwa miguu yake. Daktari huyu, Mihayo akamalizia, hubishana na wakubwa zake hadharani. Akaituma mwenyewe kwa barua pepe, binti asiione.

"Umeshamjazia yule mtoto fomu yake?" Ng'washi alimuuliza wakila.

"Nimeshamjazia. Nimeandika ukweli."

"Ukweli wako mimi naujua, baba Mashimba," mkewe akasema, akamwongezea mboga.

Wiki tatu baadaye, mchana, Kokulinda akabisha hodi ofisini. Mihayo alikuwa amejiandaa. Pole ilikuwa imeshakaa ulimini.

"Shikamoo, Dokta," binti akasema, amepiga goti.

"Marahaba. Pole…"

"Nimepata!" Machozi yakamtoka. "Siku ya usaili walinisomea ulichoandika. Nikasema moyoni, nimekwisha, Dokta ameniua. Kumbe mwenyekiti wao anatabasamu. Akaniambia wamechoka na barua za mtiifu na mnyenyekevu, hawajui wazifanyie nini. Wanatafuta daktari mdogo anayeweza kumzuia mkubwa wake asidhuru mtu. Akasema na mkubwa anayeandika kosa lake mwenyewe kwa mkono wake ni wa kuheshimiwa." Akajifuta uso. "Wewe ulishafika kule, Dokta. Ulijua wanachotaka."

Mihayo alitazama droo. Angejua wanachotaka, leo angekuwa na miaka kumi na miwili Uingereza.

"Ni kweli," akasema.

Kokulinda akamwekea mezani kifurushi kidogo cha majani ya mgomba. Ilikuwa kahawa ya kutafuna, iliyotumwa na baba yake kutoka Muleba, ya kumpa mtu aliyewatendea wema. Mihayo akatia punje mbili mdomoni mbele yake, akatafuna. Zilikuwa chungu, na hakuweza kuzitema.

Jumatatu moja, Kokulinda ameshaondoka, Mihayo alipita wodini na daktari mpya, Antoni. Kwenye kitanda cha nne akaagiza dawa. Antoni akaandika mbio mbio.

"Sawa, Dokta."

Mihayo hakusogea. Alisubiri. Wauguzi nao wakasubiri, bila kujua wanasubiri nini.

"Antoni, majibu ya figo za huyu yanasemaje?"

"Sijayaangalia, Dokta. Si umeshasema wewe?"

Kijana alikuwa mtiifu, mnyenyekevu, hana makuu. Mihayo akamchukulia faili mikononi, akavaa miwani, akaanza kuyasoma majibu mwenyewe, mstari kwa mstari. Wivu ulikuwa pale pale kooni, haujapungua hata chembe. Ila sasa aliwaonea Waingereza, waliompata Kokulinda.