Fundi Anasema Nilibonyeza Baridi

...na sasa anasema nilibonyeza baridi mimi mwenyewe, fundi Anyona huyu, anasema akiwa amekalia kiti changu cha plastiki hapa barazani, kofia ameiweka magotini kama mtu aliyekuja kuombewa, "Tata, hiyo mashine niliiacha ikiwa sawa kabisa, huyu mama ndiye aliguza pale pana theluji, hizi vitu si za kila mtu," na baba mkwe wangu, Tata Onyiego, anatikisa kichwa polepole, sijui ni kukubali au ni shingo tu inamuuma baada ya safari ya kutoka Nyacheki, na mama mkwe mkoba wa nguo za mwanangu Haron anao tayari miguuni pake, ameupanga mwenyewe alipofika asubuhi, fulana, soksi, kofia ya sufu, hata ile blanketi ya kliniki, mtoto wa miezi kumi, anayenyonya, yuko hapa kifuani kwangu anakoroma kidogo bado, aende Nyacheki akae na nyanya yake mpaka mume wangu Gibson arudi Desemba, kwa nini, kwa sababu mama yake hawezi kusoma rimoti. Mimi. Niliishia darasa la nane, sawa, lakini mwalimu alikuwa akinipa mimi chaki niandike ubaoni kwa sababu sikosei herufi, na barua za kikundi cha akina mama kanisani naandika mimi, na rimoti ile haina hata herufi, ina picha, jua ni joto, theluji ni baridi, mtoto wa nasari anaweza, na niliweka jua, niliweka jua Anyona, kidole changu nakikumbuka, kilikuwa na povu la sabuni... "Unajua, tata, kwa hizi mashine, mtu akikosea kidogo tu, basi," anasema, na anacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye kazi yake, alikicheka pia ile Ijumaa alipofika kuitengeneza, akasema, "Mashine ya hewa hapa kijijini Ikonge, kwani mnataka kugandisha ndizi?" nami nikacheka naye, nikamchemshia chai, nikamweleza kwa sauti yangu hii ya chini kwamba hatuitumii kwa baridi, Gibson aliiona kule Doha anakoendesha magari ya watu, akaambiwa kuna ya pande mbili, inayotoa baridi na inayotoa joto, na Haron alizaliwa kabla ya siku zake, kifua chake ni dhaifu, na Julai ya huku mtu anaijua, ukungu unakaa juu ya majani chai mpaka saa nne, jiko la makaa daktari alilikataa, moshi hapana, ndipo Gibson akaituma, watu wakatucheka sokoni, lakini mtoto alikaa mwezi mzima bila kukohoa, mwezi mzima, mpaka ule usiku wa radi, stima ikapotea ikarudi kwa nguvu na mashine ikanyamaza. Yote hayo nilimwambia. Alijua ni ya joto. Alijua ni ya mtoto. Na sasa, "labda alikuwa na haraka, kina mama wana mambo mengi," anasema, ananisamehe mbele ya watu, ananisamehe kosa lake... haraka, usiseme neno haraka, Anyona, ukilisema hilo nitakufa hapa, kwa sababu haraka ilikuwa yangu, hakuna anayejua ila mimi na yeye, Ijumaa ile jua lilikuwa limeshuka kule upande wa kiwanda, Sabato inaingia, sufuria za kesho zimeshafunikwa, nyumba imepigwa deki, na yeye bado yuko nyuma ya nyumba na bisibisi, kile kisanduku kikubwa cha mashine kilicho ukutani kwa nje kikiwa wazi, nyaya nje kama matumbo ya kuku, na mimi nimesimama na mtoto mgongoni nasema, "Fundi, jua linatua," mara ya kwanza, "Fundi, Sabato," mara ya pili, naye ni Msabato kama mimi, anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa kule Itumbe, akasema, "Kweli dada, tufunge," akafunga. Akafunga na ule waya mwembamba wa njano haujarudi. Niliuona. Alikuwa ameutoa kwanza kabisa, akauzungushia tepu nyeusi kwenye ncha, akasema huu ndio unaogeuza upepo uwe wa joto, nitaurudisha mwisho, na mwisho haukufika, nilimfikisha mimi mwisho kwa maneno yangu, nikauona ule uso mweusi wa tepu ukiingia chini ya mfuniko, nikajiambia fundi anajua, nani mimi wa kumuuliza fundi... Akaiwasha, ikapuliza, nikaweka mkono, nikasema, "Mbona haina joto," akasema, "Joto linakuja polepole, ipe siku mbili, Jumapili asubuhi nitapita niangalie." Siku mbili. Nani alimfundisha hayo? Nikaizima, nikangoja. Jumapili asubuhi hakupita, nikapiga simu, mteja hapatikani, nikasema basi siku mbili zimeisha, nikamlaza Haron mchana, nikafunga dirisha, nikabonyeza jua, nikarudi kufua, saa moja tu, nguo za wiki nzima, naisikia mashine ikinguruma nikafurahi, Mungu wangu nilifurahi, nikawa naimba, na nilipofungua mlango chumba kilikuwa kama pale wanapohifadhi maziwa, na midomo yake... sitaki. Siku tano za oksijeni, naketi kwenye kiti cha chuma, nesi akiniuliza, "Mama, ulimwosha na maji baridi?" na siku ya tatu Gibson akanitumia sauti kwenye simu, sauti ya kuchoka, "Mong'ina, si nilikuambia ile alama ya theluji usiiguse," na nikajua fundi alimfikia kabla yangu, mimi nikiwa nahesabu pumzi za mtoto yeye alikuwa anapanga maneno yake, akayatuma mpaka Doha, na mume wangu akayachukua, kwa sababu fundi anaongea vizuri na mimi nikishika simu nanyamaza. "Hata mzee Gibson mwenyewe amenielewa," anasema sasa, mzee Gibson, amemzidi Gibson miaka kumi anamwita mzee, na mama mkwe anapanguza goti lake na kusema taratibu, "Hatumlaumu mtu, ni mtoto tu apumzike kwangu, kule kuna moto," moto wa kuni, mama, wenye moshi, daktari alisema moshi hapana, nilikuambia wodini ukasema watoto wako saba walikulia humohumo, na ni kweli walikulia, na ningesema nini... Tata anageuza kichwa kuelekea mlango wa nyumba yangu kisha anakirudisha. Hawezi kuingia. Tangu tuijenge nyumba hii hajavuka kizingiti, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, ndiyo heshima yetu, chinsoni, ndiyo maana tumekaa barazani na upepo huu, na Anyona anaijua heshima hiyo kama sisi, amezaliwa nayo, anajua mashine iko chumbani, juu ya kitanda changu, mahali ambapo mzee huyu hatakanyaga hata nyumba ikiungua, kwa hiyo neno lake ndilo macho ya tata, na yeye anaongea tu, anapaka rangi, anaongeza, "Ungeingia, tata, ungeona, rimoti bado iko kwa theluji," nani aliiweka kwa theluji, wewe uliyeomba kuingia leo asubuhi kuangalia, nikakuruhusu kama mjinga, nikakushikia pazia... hapo ndipo hasira inanipanda mpaka masikioni, siyo ile ya hospitalini iliyochanganyika na hofu, hii ni kavu, inanipa akili, maana kama alihitaji kuingia kuibadilisha rimoti basi anaogopa kitu, na anachokiogopa hakimo chumbani, chumbani kuna picha ya jua na ya theluji tu, waya haumo chumbani, waya uko nje. Uko nje. Kisanduku kiko ukutani kwa nje, nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba, mahali ambapo tata alipita leo hii akienda chooni, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusimama bila kuvuka kizingiti cha mtu, na mfuniko una skrubu nne, na bisibisi iko kwenye mfuko wa shati la fundi, nauona mpini wake mwekundu. Wiki nzima nimelia kwamba hakuna wa kuuona ukweli wangu, kumbe mimi mwenyewe ndimi niliyekuwa naangalia mlango tu, si nyuma ya nyumba. Nitasema. Lakini nikisema waya, atasema Sabato, atasema, "Si wewe ulinifukuza," na mama mkwe atainua macho, kumbe, kumbe alimharakisha, na yote yataniangukia tena, ndiyo maana nimenyamaza siku nane, siyo aibu peke yake, ni hilo, nililinda kosa langu dogo na yeye akalipanda kama ngazi mpaka kwenye uongo wake mkubwa... kosa langu ni maneno mawili, jua linatua. Hata kama ningeyasema mara kumi, mtu mzima na kazi yake angeweza kusema dada, usiiwashe, haijaisha. Neno moja, haijaisha. Hilo hakunipa. Alinipa siku mbili. "...kwa hiyo mimi sina ubaya na mtu," Anyona anamalizia, anavaa kofia, anaivua tena, na Tata Onyiego anakohoa, anaangalia chini upande wangu, si usoni, hatuangaliani usoni mimi na yeye, anauliza, "Mong'ina, mwanangu, una neno?" kama anavyouliza siku zote kabla ya sala ya kufunga, nami siku zote nasema hapana, tata, na wote wameshanyoosha miguu kusimama, mama mkwe mikono ameshainyoosha kwa mtoto, na mimi namvuta Haron karibu zaidi, ana joto, joto la kawaida, macho yangu yako kwenye saruji ya baraza lakini saruji haijanifunga mdomo, na sitaanza na waya, wala na rimoti, wala na mtu huyu, nitaanza pale atakapotaka kuniangushia, nifike hapo kabla yake, ndipo tuzunguke wote nyuma ya nyumba... "Tata," nasema, na sauti inatoka nene kuliko niliyoizoea, "neno ninalo, na linaanza na kosa langu."